Skrubu ya Nane

Jumamosi. Theluji haijaamua kama ianguke au isubiri.
Nimepiga magoti chumbani, ghorofa ya nne, mjini Łódź,
bisibisi mkononi, nafungua kitanda chenye mbavu.
Skrubu nane. Nazihesabu kwa sauti,
na Jagna, wa miaka miwili na miezi mitatu,
anahesabu nami: moja, mbili, tano, tano, tano.

Hatukukinunua kitanda hiki.
Alikichonga baba mkwe, mzee Zbysław,
kwa mbao alizozitoa kiwandani bila kumuaga mtu.
Alikilalia Dobrochna miaka mingi kabla hajanijua,
akakilalia mdogo wake, kisha kikakaa stoo
pamoja na mitungi ya matango ya siki.

Kwenye ukingo wa juu kuna alama za meno.
Hizi nyepesi ni za Jagna, za kiangazi kile
alipokuwa akiota magego na kunguruma kama paka mgonjwa.
Zile za zamani, zilizojaa rangi, ni za mama yake.
Nimepitisha kidole:
wameuma mti mmoja, mahali pamoja,
na mti haukusema kitu.

Kitanda kipya kina mchago, kina tendegu fupi, kina mvungu
ambao tayari umemeza soksi moja na sungura wa kitambaa.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
nikajilaza kwanza mimi, nimkagulie.
Miguu ikaning'inia nje kuanzia magotini.
Hakuna kunguni. Kuna harufu ya dukani.

Usiku tukapanga mito sakafuni. Tukafunga droo.
Dobrochna akafunga hata dirisha lililokwisha fungwa.
Chai ikapoa, tukisubiri vishindo vya miguu.

Havikuja.
Ikaja sauti: "Baba! Nitoe!"

Nikamkuta amesimama katikati ya godoro,
mikono juu, kidevu juu,
anangoja kuvushwa ukingo
ambao upo ukumbini, umefungwa kamba.
Ningeweza kumwambia: shuka, mwanangu, ni hatua moja.
Sikumwambia.
Nikamwinua juu sana; akakunja miguu
kama kawaida yake, isije ikagonga mbao,
nami nikarudi nyuma hatua moja, kama kawaida yangu,
tukavuka pamoja kitu ambacho hakipo.

Usiku wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu nao.

Wa nne, saa kumi kasoro dakika ishirini,
nimevaa koti la kazi, nafunga kamba za viatu gizani
kama mwizi nyumbani kwangu mwenyewe,
nikasikia sakafu: tapu, tapu. Kimya. Tapu.
Amesimama mlangoni, nywele zimelala upande mmoja.

Miaka miwili natoka nyumba hii saa hiyo
na alikuwa hajaniona nikitoka.
Kwake, baba ni mtu anayerudi tu.

"Wapi?"

Kumbe mbavu zile zilikuwa zikinilinda mimi.

Nikamwambia tramu zimelala, nakwenda kuziamsha.
Akanikagua toka kofia hadi viatu.
"Zina kitanda kikubwa?"
Kikubwa, nikasema. Kina reli.
Akaridhika, au alichoka. Akageuka: tapu, tapu,
nikasikia godoro likipokea uzito wake,
kilo kumi na mbili na nusu
ambazo hakuna aliyezibeba.

Leo nimeendesha njia nzima, kwenda na kurudi,
na kila kituo, milango ikifunguka,
mkono wangu ulishuka mfukoni kupapasa chuma kidogo.
Skrubu zote zilitakiwa ziwe kwenye kifuko kimoja,
kwa ajili ya mtoto mwingine, kama atakuja.
Dobrochna amezihesabu saba. Ameniuliza mara mbili.
Nimemwambia nitaitafuta mvunguni.